Siku Daraja Lilipoondoka na Simu Zetu

*Risala ya Ushirika wa Madereva wa Teksi za Redio ya Upepo, iliyosomwa na katibu wao mbele ya Mkurugenzi wa Mawasiliano, katika ua wa kituo*

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mawasiliano. Mkuu wa Zimamoto. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Viongozi wa mtaa. Jirani zetu wa duka la matairi, ambao leo wameweka nyundo chini ili tusikike. Na ninyi abiria wetu, akina mama na akina baba: hamjambo, na karibuni nyote.

KARIBU

Mheshimiwa, sisi madereva tumezoea kuzungumza na watu tukiwa tumewapa kisogo. Leo tumegeuka na tunawatazama usoni, kwa hiyo tukigugumiza hapa na pale mtuvumilie.

Hii si mara yako ya kwanza kufika hapa. Ulikuja siku chache baada ya mafuriko, gambuti zimejaa tope, hukutanguliwa na king'ora wala mpiga picha. Ulipanda ngazi zetu, ukakuta chumba hakina kiti cha ziada, ukaketi juu ya tairi. Ukakaa pale kimya, unasikiliza redio, muda mrefu kabla hujauliza swali lolote. Sisi tuliosimama mlangoni tulidhani umekuja kuulizia ndugu wa ng'ambo ya mto. Tulipoambiwa wewe ni nani, mmoja wetu alikimbilia chai na mwingine akakimbilia shati. Tunakushukuru kwa siku ile kabla hatujakushukuru kwa hii ya leo.

TULIKOTOKA

Ushirika wetu ulianzishwa na wazee wetu wakati simu ilikuwa kitu cha maofisi na nyumba chache. Waliomba masafa ya redio, wakapewa. Wakanunua mtambo mmoja wa kituoni na redio ndogo kwa kila gari, wakasimamisha mlingoti juu ya paa hili mnaloliona. Chumba chenyewe ni kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kina dirisha moja, meza, ramani ya mji iliyochorwa kwa mkono na kuongezewa kipande kila mtaa mpya ulipozaliwa, na kiti chenye mto wa kukalia. Kwenye kiti hicho ndiko aliko Shangazi.

Shangazi ndiye anayeita magari. Alikuja kazini akiwa msichana, kumshikia nafasi dada yake aliyejifungua. Dada akapata kazi kwingine, Shangazi akabaki. Sauti yake tunaijua kuliko uso wake. Wapo kati yetu waliofanya naye kazi mwaka mzima, na siku walipokutana naye kwenye ngazi wakampisha kama mgeni, mpaka alipofungua mdomo. Yeye anatujua zaidi. Anajua dereva gani ametoka nyumbani na ugomvi kwa namna tu anavyosema "nimekupata", na siku hiyo hampi safari ya uwanja wa ndege.

Kisha simu za mkononi zikaja, na wateja wakaanza kutuita moja kwa moja. Hatukuzikataa, zimetulisha. Wengi wetu tuling'oa redio za upepo tukaweka za muziki. Shangazi akabaki na magari ya wakongwe, mengi upande huu wa mto na machache ng'ambo. Kuna siku aliita magari mara chache tu tangu asubuhi, muda mwingine wote akawa anafuma sweta. Ofisi yako ikatuandikia, kwa adabu kabisa, kwamba masafa yetu hayatumiki vya kutosha, na mwaka ukiisha yatapangiwa kazi nyingine. Shangazi alisomewa barua hiyo. Alisema, "Haya," akaendelea kufuma. Jioni hiyo fundi betri, ambaye kibanda chake kipo chini ya chumba chake, alimsikia akisogeza kiti huku na huku peke yake.

SIKU YENYEWE

Mheshimiwa, asubuhi ile kulikuwa na jua. Watu walikuwa wameanika nguo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwenye vyanzo vya mto, na sisi tulikuwa tunaona tu maji yamebadilika rangi. Watoto waliingia darasani, maduka yakafunguliwa.

Wa kwanza kutuamsha alikuwa Taratibu. Huyu ni dereva wetu wa ng'ambo, mtu wa makamo. Jina hilo alipewa na abiria wake, kwa sababu hajawahi kumpita mtu barabarani. Na hewani, Mheshimiwa, mtu akimaliza kusema hutamka "kwako", yaani sasa ni zamu yako kusema.

"Kituo, hapa Taratibu. Daraja limeondoka. Kwako."

"Limefungwa au limeondoka? Kwako."

"Limeondoka, Shangazi. Nalitazama linavyokwenda."

Shangazi aliweka sweta chini. Jambo la kwanza alilofanya ni lile ambalo yeyote kati yetu angelifanya: alichukua simu yake ya mkononi akampigia mumewe. Nyumba yao ipo ng'ambo, mtaa wa chini, karibu na maji. Mume wake ni fundi wa malori mstaafu ambaye mguu wake mmoja ulisagwa na jeki iliyoteleza, na anatembea kwa fimbo. Simu ikamwambia Shangazi kwamba mtu anayempigia hapatikani. Akapiga tena. Safari hii haikumwambia kitu chochote.

Sisi miaka yote tulidhani daraja lile limebeba magari. Hatukujua kwamba chini ya tumbo lake zilipita nyaya za kampuni zote za simu. Kampuni hizi zinazogombana kila siku kwenye matangazo, nyaya zao zilikuwa zimelala kitanda kimoja. Daraja lilipokwenda lilikwenda nazo. Umeme ukafuata. Minara ya simu ng'ambo ilisimama kwa betri zake kwa muda, kisha ikazimika mmoja baada ya mwingine, maana jenereta nyingine zilikuwa zimewekwa chini na maji yakazifikia, na zile zilizokuwa juu zilihitaji mafuta, na lori la mafuta lilikuwa upande huu, linatazama mto. Upande wetu ulibaki mnara mmoja kilimani. Mji mzima ukaupigia kwa wakati mmoja, nao ukalemewa.

Redio zetu hazikujua habari hizo. Haziendi kwa nyaya wala hazipitii kilimani. Zinatoka kwenye mlingoti wa paa hili moja kwa moja mpaka kwenye gari, na kila gari lina betri yake. Shangazi alizijaribu moja moja, gari kwa gari, kama mtu anayehesabu watoto baada ya purukushani. Zote zikaitika. Ndipo akasema maneno ambayo tumeyaandika hapa kama alivyoyatamka:

"Magari yote, nisikilizeni. Kuanzia sasa hakuna teksi. Kila mmoja wenu ni mdomo na masikio. Mtu aseme kifupi, halafu aachie wenzake nafasi."

Wa ng'ambo aliwapanga hivi: gari moja likasimama mlangoni mwa hospitali, jingine kwenye uwanja wa mpira, mahali palipoinuka ambako watu walikuwa wanakimbilia, na Taratibu akaachwa azunguke. Upande huu gari moja lilikwenda kuegeshwa zimamoto.

Umeme wa kituo ulikuwa umekatika pia, na betri ya mtambo ilikuwa imezeeka kama sisi. Fundi betri kwa miaka mingi alikuwa akilalamika kwamba sauti ya Shangazi inampenyea darini na haimwachi apumzike. Siku hiyo alipanda ngazi na betri begani, akaiweka chini, akashuka, akapanda na nyingine.

"Leo ongea mpaka uchoke," alimwambia. "Mimi nitaleta."

Haikupita muda, Mkuu wa Zimamoto akaingia. Mkuu upo hapa, utatusahihisha tukikosea. Redio za kikosi zilifika karibu tu, kwa sababu mtambo wenu wa kuunganisha pande mbili za mji nao ulitegemea laini ya pale darajani.

"Dada, naambiwa wewe unawasikia watu wa ng'ambo," ulisema.

"Nawasikia. Unataka kumwambia nani, nini?"

Ukasimama kando ya ramani na hukuondoka. Kupitia kile chumba, hospitali ilisema jenereta yake inaishiwa mafuta, na boti ya zimamoto ikavuka na mafuta. Uwanja wa mpira ulisema una watoto wa shule waliotengana na walimu wao, na walimu walikuwa wamekwama upande wa hospitali, wanalia, hawajui. Shangazi aliwaunganisha. Ngazi zetu zikajaa watu wa upande huu wanaotaka kuwaulizia wa kwao. Shangazi alisema waje na neno moja moja, wasije na hadithi. Mzee mmoja alitafakari sana neno lake, kisha akamwambia, "Mwambie mama watoto, nipo." Likapelekwa hivyohivyo.

Mchana Taratibu aliita.

"Kituo, hapa Taratibu. Nina mama mjamzito, uchungu umemshika, yuko na mama mkwe wake. Nimewachukua njiapanda ya mtaa wa chini. Shangazi, niko karibu na kwako. Nyumba naiona paa na nusu ya madirisha. Naweza kuingilia barabara ya shule nikamtazame mzee. Kwako."

Shangazi alishika kitufe. Alituambia baadaye kwamba kabla hajakibonyeza aliona vitu vidogo tu: kitanda chao chenye miguu mifupi, fimbo inayoning'inizwa kwenye kitasa, jinsi mumewe anavyoanza kusimama kwa kuegemea meza. Na kando ya hayo, bila kutaka, alimwona mwanamke asiyemjua amelala kiti cha nyuma cha gari.

"Barabara ya hospitali inapitika? Kwako."

"Inapitika, lakini maji yanaifuata."

"Ukipita kwangu, utaikuta?"

"Sidhani, Shangazi."

"Basi nenda hospitali. Na leo usiende kwa ule mwendo wako. Kwako."

"Nimekupata."

Aliachia kitufe, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mkuu ulimuuliza, "Kwako ni wapi?" Akakuonyesha kwenye ramani kwa kidole. Ukasema boti ikirudi utaielekeza huko.

"Tafadhali," alisema. Hilo ndilo neno pekee alilojiombea siku nzima.

Saa zikapita. Aliongea na hospitali, akaongea na uwanja, akamgombeza dereva mmoja aliyeanza kusimulia. Waliokuwa chumbani wanasema kila redio ilipokoroma alitulia kidogo kabla ya kuitika, kama mtu anayegonga mlango asioujua. Jua lilikuwa limeanza kuinama aliposikia hivi:

"Kituo, hapa Uwanjani. Kando yangu kuna mzimamoto anaongea na wenzake wa boti. Wamekwama na mzee mmoja juu ya tangi la maji. Ana mguu mbovu. Anasema hapandi bila sanduku lake la spana. Boti imejaa na sanduku ni zito kama injini. Wanauliza wafanyeje. Kwako."

Shangazi alivuta pumzi. "Mwambieni huyo mzee spana aziache. Mwambieni ni mkewe amesema. Kwako."

Maneno yakatoka kituoni mpaka uwanjani, uwanjani mpaka kwenye boti, kwenye boti mpaka juu ya tangi, kisha yakarudi njia hiyohiyo.

"Kituo, hapa Uwanjani. Anasema mkewe hawezi kuwa hewani, simu zimekufa mji mzima. Anasema hii ni janja ya zimamoto. Kwako."

Fundi betri alikuwa wa kwanza kucheka. Shangazi alifunga macho.

"Mwambieni asipopanda, ile spana namba kumi na tatu anayoitafuta tangu mwaka juzi hataiona tena. Ninayo mimi, huwa nakazia meza ya redio. Kwako."

Mheshimiwa, sisi wengine tulikuwa kwenye magari yetu huku na huko, na tulikuwa tunasikia. Hakuna aliyegusa kitufe chake. Madereva wa teksi, watu wa kelele, tulikaa kimya pande zote mbili za mto tukikitazama kile kisanduku kwenye dashibodi.

"Kituo. Amepanda." Kisha baada ya kidogo: "Anatukana, lakini amepanda. Kwako."

Yaliyofuata kule chumbani hatukuyasikia, kwa sababu Shangazi alikuwa ameachia kitufe. Waliokuwepo wanasema alilaza kichwa mezani na mabega yakamtikisika, na fundi betri, asiyejua la kufanya, akashuka kuleta betri ambayo haikuwa imehitajika. Kisha tukasikia sauti yake, ileile ya kila siku:

"Magari yote, kituo kinaendelea. Nani alikuwa anasubiri?"

TUNAYOSHUKURU

Mama yule wa njiapanda alijifungua salama, mtoto wa kike. Yupo hapa leo, mstari wa pili, na mtoto wake amelala kama hamna mtu anayehutubia. Mama mkwe ametuambia kwamba Taratibu aliendesha vizuri sana, ila alikataa katakata kupiga honi, akidai hospitali haipendi kelele. Tunamshukuru Mungu kwa hilo la kwanza, na la pili tunamwachia Taratibu mwenyewe.

Tunaishukuru zimamoto. Tunawashukuru madaktari na wauguzi. Tunawashukuru wenzetu waliokuwa wameng'oa redio zao: kesho yake walizitoa uvunguni na kwenye mabanda ya kuku, wakazifunga upya, na wengine wakalala kwenye magari mpaka simu zilipoanza kurudi. Tunawashukuru sana mafundi wa kampuni za simu, ambao tuliwaona kwa macho yetu wakivuka na nyaya mabegani kabla hata hawajajua majumbani kwao kukoje. Watu huzitukana kampuni, lakini aliyekuwa juu ya nguzo kwenye mvua alikuwa mtoto wa mtu.

Na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa. Mafundi wa ofisi yako waliunyoosha mlingoti wetu ulioinama, wakatuletea betri mpya na paneli ya jua, wala hawakutuambia tutie sahihi kabla hawajamaliza kazi. Leo umetuletea cheti cha shukrani chenye fremu. Tumeshagombania kitundikwe ukuta gani, na kwa kuwa kuta zenyewe mnazijua, ugomvi haukuwa mrefu.

YALIYOTUUMIZA

Hatutasema sana hapa, maana siku ni ya shukrani. Lakini yapo mawili ambayo tukiyameza yatatukaba.

La kwanza ni ule mnara wa kilimani. Ulikuwa wa kampuni moja. Mwenye laini ya kampuni nyingine aliuona mnara kwa macho, lakini simu yake haikuuona. Tulimwona baba amesimama chini yake kabisa, ameinua simu juu ya kichwa, anauzunguka. Tulimpakia tukamleta kwa Shangazi.

La pili ni la fundi cherehani wa mtaa wa chini. Wengi wenu mlimjua. Ndiye aliyetushonea vitambaa vya viti, na kila gari lililopo uani hapa lina mkono wake. Asubuhi ile, maji yalipoanza kuingia, alibaki ndani akiinua cherehani juu ya meza, kwa sababu aliona ni maji ya kawaida, yale ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Simu yake ilikuwa mfukoni, ina chaji ya kutosha. Alikutwa kesho yake.

Mheshimiwa, wataalamu wa mto walikuwa wameyaona maji mapema. Waliandika ujumbe wa tahadhari, na ujumbe ulitumwa. Hilo tunalijua, na tunawashukuru kwa kuuandika. Lakini ulitumwa kwenye simu tu, na minara ikafa kabla haujafika kwa watu wengi. Mnara wa mtaa wa chini ulipowashwa tena, tulikuwa tumetoka kumzika fundi, tupo nyumbani kwake tunaanika magodoro. Simu yake, iliyokaushwa juani na kuchajiwa garini, ikalia mkononi mwa binti yake. Binti akasoma kwa sauti, akidhani ni pole kutoka kwa mtu: mto unatarajiwa kufurika, ondokeni mabondeni mara moja. Kisha simu zetu zote, moja baada ya nyingine, zikaanza kulia na maneno hayohayo.

MAOMBI YETU

Tunaomba, Mheshimiwa, tahadhari ikitoka isipewe njia moja. Ipelekwe kwenye simu, na ipelekwe redioni, na kwenye vipaza sauti vya shule na nyumba za ibada, na kwa watu kama sisi tunaoweza kupita mitaani na kugonga madirisha. Ikifika mara tatu kwa mtu mmoja, atatukana kidogo na atakuwa hai.

Tunaomba daraja jipya litakapojengwa, nyaya zote zisirudi kulala pale pamoja. Baadhi zizungukie njia ya juu, hata kama ni mbali. Jenereta ziinuliwe. Na siku ya janga, mnara uliobaki umesimama uwe wa kila mtu, bila kujali laini yake ni ya nani. Tunaambiwa mitambo inaweza, ni maelewano tu ndiyo hayajawekwa. Wewe ndiye mwenye meza ya kuwakalisha hao wakubwa.

Halafu lipo letu. Wiki ileile tulipopata mwaliko wa kupokea cheti hiki, tulipata pia barua ya kukumbushwa kwamba masafa yetu yanaondolewa mwaka ukiisha. Zote mbili zimetoka ofisini kwako. Hatukukasirika, Mheshimiwa. Tulijua ni idara mbili ambazo kwa bahati mbaya simu zao hazikuwa zinapatikana.

Tunajua masafa ni mali adimu, na wapo wanaoyahitaji kwa mambo makubwa. Tunajua pia kwamba siku nyingi za mwaka yetu yanakaa kimya, na mtu akipima kwa kelele ataona hayana kazi. Tunachoomba ni yasipimwe hivyo. Zimamoto haipimwi kwa siku ambazo hakuna moto. Tuachieni yabaki, na sisi tunaahidi kila gari la ushirika litafungwa redio, kila mwezi tutafanya zoezi pamoja na zimamoto na hospitali, na chumba hakitakosa mtu. Tunaomba pia watu wa kufundishwa kazi ile, kwa sababu Shangazi anazeeka na hana wa kumpokea kiti. Binti wa fundi cherehani ameomba awe wa kwanza. Ameshaanza kupanda ngazi.

MWISHO

Mheshimiwa mgeni rasmi, huenda umekuwa ukiangaza macho ukimtafuta Shangazi kwenye viti hivi. Tulimwekea kiti cha mbele, pale alipoketi mume wake na fimbo yake. Hakushuka. Amesema zamu ni yake na hakuna wa kumwachia. Tukamwomba basi tubonyeze kitufe kwenye gari mojawapo uani hapa, asikie risala akiwa juu, asikie jinsi anavyosifiwa. Amekataa hilo pia. Amesema masafa si mahali pa kusifiana, yaachwe wazi, huenda kuna mtu anahangaika kutuita.

Ukimaliza kuzungumza nasi, tunakuomba upande ngazi ukamkabidhi cheti mwenyewe. Safari hii kiti kipo.

Mungu akulinde uendako na urudiko, awalinde watu wa mabondeni na watu wa kilimani, awape mafundi wote wa nyaya na minara mikono isiyoteleza, na awapumzishe kwa amani wale ambao hatukuwafikia.

Ni sisi,
Ushirika wa Madereva wa Teksi za Redio ya Upepo,
pande zote mbili za mto.